Nani Hulipia Kicheko cha Ukabila Ofisini?

Klipu za vichekesho zinazoigiza ofisi hazikauki kwenye simu za wafanyakazi wa Thika na Ruiru. Bosi wa kuigiza anagawa kazi kwa kabila: huyu ashike pesa, yule asisogezwe karibu nazo, mwingine akae getini kwa kuwa kwao ndiko masoja hutoka. Kundi la WhatsApp la idara linajaa vicheko, kisha mtu mmoja anauliza kama jambo hilo linachekesha kweli, na papo hapo mazungumzo yanageuka ugomvi. Wapo wanaosema ni mzaha tu. Wengine wanasema ni chuki iliyovalishwa kicheko. Wengine wanamtaka meneja apige marufuku klipu zote za aina hiyo, na wengine wanashikilia kwamba mchekeshaji ana ruhusa ya kusema lolote mradi anasema kuhusu kabila lake mwenyewe.

Mabishano hayo hayaishi kwa sababu wanaobishana wanajibu maswali tofauti wakidhani ni swali moja. Lipo swali la sanaa: je, tashtiti kuhusu ubaguzi inaupunguza au inaulisha? Lipo swali la kazi: mfanyakazi avumilie mzaha wa kiasi gani ili aendelee kuhesabiwa mwenzao? Na lipo swali la sheria: mwajiri na serikali waingilie wapi, na waache wapi? Mtu anaweza kuwa na jibu sahihi kwa swali moja akakosea yote mawili yaliyobaki.

Mji wa viwanda, mji wa wageni

Thika ni mji wa viwanda. Hapo ndipo Bidco hutengeneza mafuta ya kupikia, Del Monte hufunga mananasi kwenye mikebe, na magari huunganishwa katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers. Ruiru ina maziwa ya Brookside, chuma cha Devki, na sasa majengo ya Tatu City. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika Ruiru, idadi iliyoufanya kuwa mji wa nne kwa ukubwa nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Miaka kumi kabla ya hapo walikuwa karibu 240,000. Thika ilikuwa na watu 251,407. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, iliwaleta wapangaji waliokimbia kodi za Nairobi pamoja na watafuta kazi kutoka kila pembe ya nchi.

Watu hao wanakutana kazini kwa ngazi. Juu wapo wenye mali, ambao mara nyingi ni Wakenya wenye asili ya Kihindi au kampuni za kigeni. Chini yao wapo mameneja na wasimamizi. Kisha kuna wafanyakazi wa kawaida na vibarua, wengine wenyeji wa kaunti hii ya Kiambu, wengine kutoka Magharibi, Nyanza, Kisii, Ukambani na Meru. Chai ya saa nne hunywewa kwa lugha ya mama ya walio wengi, ambayo hapa ni Kikuyu. Asiyeijua hukaa na kikombe chake akitabasamu pale wengine wanapocheka. Kabla hajatupiwa mzaha wowote, tayari ameshajua nafasi yake.

Tuanzie kwenye kuajiri, kwa sababu huko ndiko mzizi uliko. Nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi. Msimamizi akiambiwa alete watu kumi, huleta anaowajua, na anaowajua ni wa kijiji chake au kanisa lake. Mara nyingi hafanyi hivyo kwa chuki: anataka watu ambao akipata shida nao atajua nyumbani kwao. Lakini mwisho wake ni idara nzima ya ‘watu wetu’. Dhana za kikabila hufuata nyuma, zikieleza mgawanyo ambao tayari umefanyika. Mluhya yuko getini, basi inasemwa Waluhya wameumbiwa ulinzi. Mkikuyu yuko kwenye hesabu, basi inasemwa Wakikuyu wanajua pesa. Mkamba anaitwa mtiifu na Mluo anaitwa mwenye maringo, na kila sifa, hata inayosikika kama pongezi, inamfungia mtu mlango fulani. Kwa hiyo mzaha wa kikabila kazini hubeba habari: unamwambia kila mmoja ni nani anayetarajiwa kupanda ngazi na ni nani asiyetarajiwa.

Tena mzaha huo unatua kwenye ardhi yenye makovu. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Humu Kiambu, familia za Waluo na Waluhya waliofanya kazi maeneo ya Limuru zilikimbilia kituo cha polisi cha Tigoni. Naivasha, wafanyakazi wa mashamba ya maua waliwindwa kwa majina yao. Katika Bonde la Ufa, Wakikuyu waliuawa na kufukuzwa makwao kwa sababu iyo hiyo. Mtu aliyepitia hayo na mtu ambaye alikuwa bado hajazaliwa wanaweza kuwa kwenye kundi moja la WhatsApp leo, wakitazama klipu ile ile.

Runinga ilitufundisha kucheka nini

Watu wazima wa leo walijifunza kuucheka ukabila mbele ya runinga ya taifa. Katika Vioja Mahakamani ya KBC, washtakiwa walijitetea kwa Kiswahili kilichobeba lafudhi za nyumbani kwao, mbele ya hakimu na kiongozi wa mashtaka waliozungumza Kiswahili kilichonyooka. Mpangilio huo ulifunza jambo bila kulitamka: lafudhi ni ya anayeshtakiwa, lugha safi ni ya mwenye ofisi.

Vitimbi ilikwenda njia nyingine. Mzee Ojwang, babu wa Kiluo aliyependwa nchi nzima, aliigizwa na Benson Wanjau, ambaye alikuwa Mkikuyu. Mkewe wa kuigiza, Mama Kayai, ni Mary Khavere, na yeye pia si Mluo. Wanjau alipofariki Julai 2015, Wakenya wa kila kabila walimlilia kama babu yao. Siasa za Kikuyu na Kiluo zimeichana Kenya tangu miaka ya sitini, na katikati ya hayo mwigizaji mmoja aliwafanya watu wa pande zote mbili wampende mzee mmoja.

Kisha ikaja Papa Shirandula ya runinga ya Citizen, ambayo kwa mada hii ndiyo muhimu kuliko zote. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza mlinzi anayemficha mkewe kazi yake na kujifanya mtu wa ofisini. Wazo hilo ni tashtiti kamili. Linauliza aibu ya sare ya soja imetoka wapi, ni nani aliyeamua kwamba mtu wa Magharibi atakaa getini, na kwa nini tai ina thamani kuliko rungu. Lakini kadiri miaka ilivyosonga, kicheko cha kipindi kilizidi kuegemea lafudhi na tabia za wahusika: Njoro wa Kikuyu mwenye mbinu za pesa, na Otoyo wa Kiluo aliyeigizwa na Kazungu Matano. Swali la getini liliendelea kuwapo kwenye hadithi, ila halikuulizwa tena kwa nguvu.

Ukanda huu wenyewe umezalisha wachekeshaji wengi. Redykyulass walitoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa kabla ya kufika Ruiru, na mwishoni mwa utawala wa Moi waliivunja hofu kwa kumwigiza rais mwenyewe. Crazy Kennar alianza video zake akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT, Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Kutoka runingani hadi simuni kuna mabadiliko makubwa. Kipindi kilikuwa na mwanzo, mwisho na wahusika tuliowajua. Klipu ya nusu dakika haina hivyo, na anayeituma anaweza kuwa bosi, na anayeipokea kibarua wake.

Kilichovumiliwa na kilichopigwa marufuku

Kuna historia ya Kiambu ambayo haina budi kuwekwa kando ya hiyo ya runinga. Mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, waliigiza tamthilia ya Kikuyu iitwayo Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Ilionyesha tajiri Mkikuyu akimnyang'anya Mkikuyu maskini kipande chake cha ardhi ili kijengwe kiwanda kwa ushirikiano na wageni. Kilichochekwa hapo kilikuwa unafiki wa mwajiri: dini yake na maneno yake matamu kwa watu anaowanyonya. Kibali kiliondolewa baada ya wiki chache, na Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila mashtaka mwishoni mwa mwaka. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Weka matukio hayo bega kwa bega na runinga ya taifa. Dola ile ile iliyorusha lafudhi za makabila kila wiki haikustahimili tamthilia iliyomcheka mwenye kiwanda. Kucheka namna Mkamba au Mkisii anavyotamka hakukumtishia mkubwa yeyote. Kucheka namna kazi na mali zinavyogawanywa kulitisha. Desturi ya vichekesho tuliyorithi imechongwa na tofauti hiyo, na ndiyo maana mpaka leo tuna hazina kubwa ya mizaha juu ya mlinzi na ukame wa mizaha juu ya aliyempanga getini.

Hoja ya kwanza: kicheko hupunguza makali

Wanaotetea vichekesho hivi wana hoja yenye uzito. Ukabila usiotajwa hauondoki. Hukaa moyoni mpaka siku ya uchaguzi. Watu wanaoweza kutaniana hadharani wana mlango wa kupitia wanapokosana. Tanzania inatoa mfano mkubwa: utani kati ya Wangoni na Wanyamwezi, au baina ya makabila mengine kadhaa, uliwageuza watu waliowahi kupigana au kushindana kuwa watani wanaosemana bila kukasirika na kuzikana wanapofiwa. Mzee Ojwang ni ushahidi wa hapa nyumbani.

Lakini utani wa jadi una masharti, na wanaoutaja husahau kuyataja. Unakwenda pande zote mbili: anayetania leo atataniwa kesho, na hana ruhusa ya kununa. Unaambatana na wajibu, kwa kuwa mtani ndiye anayehangaika msibani kwako. Na watani wako sawa ndani ya utani wao, hata kama mmoja ni tajiri. Chukua masharti hayo uingie nayo ofisini. Meneja akimwambia karani mpya mbele ya wengine kwamba watu wa kwao wanapenda kujionyesha kuliko kufanya kazi, karani afanye nini? Akimrudishia meneja mzaha wa kabila lake, mkataba wake uko mikononi mwa meneja huyo. Akinyamaza, amekubali. Akicheka, amejicheka. Mzaha wa namna hiyo haumo katika utani wowote wanaoujua wazee wetu, na kuuita utani ni kuupa heshima usiyostahili.

Udhaifu wa pili wa hoja hii ni kwamba watetezi hulinganisha jukwaa na ofisi kana kwamba ni mahali pamoja. Aliyekwenda kwenye onyesho la vichekesho la Churchill Show alikwenda kwa hiari yake akijua anakwenda kuchekeshwa, na angeweza kuondoka. Mfanyakazi hawezi kuondoka kwenye chai ya saa nne kila siku kwa mwaka mzima.

Hoja ya pili: kicheko huhalalisha

Upande wa pili unasema tashtiti inayoigiza mbaguzi humpa mbaguzi silaha mpya. Hoja hii imefanyiwa utafiti kwa muda mrefu nje ya Afrika. Mwaka 1971 runinga ya CBS ya Marekani ilianza kuonyesha All in the Family, iliyokuwa na Archie Bunker, mfanyakazi mbaguzi aliyeandikwa ili achekwe. Mwaka 1974 Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha matokeo ya kuwauliza vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada. Waligundua kwamba watazamaji wenye ubaguzi mwingi walielekea kumwona Archie kama mtu wao, msema kweli anayeonewa. Kipindi kimoja kilitazamwa kwa macho mawili, kila mtu akaondoka na alichokuja nacho. Miaka thelathini baadaye, Thomas Ford na Mark Ferguson walieleza kwamba mizaha ya kudunisha haimgeuzi asiye mbaguzi kuwa mbaguzi. Inachofanya ni kumwashiria aliye na ubaguzi tayari kwamba hapa mambo haya yanaruhusiwa.

Maelezo hayo yanafaa sana kwa ofisi za Kenya. Meneja anayesambaza klipu ya ‘Mluhya getini’ hawageuzi wafanyakazi wake. Anawaambia ubaguzi wa aina gani hautaadhibiwa. Siku ya kupandisha vyeo, msimamizi akisema mlinzi yule mwenye diploma ‘hafai kwa ofisi’, hakuna atakayeshtuka.

Hata hivyo, wenye hoja hii wakiachiwa peke yao watafuta kila kitu. Wanasahau kwamba kutoonyesha ubaguzi pia kunahalalisha. Vipindi visivyotaja kabila kabisa, ambavyo ofisi zake ni mchanganyiko mzuri wa majina na hakuna anayeulizwa ametoka wapi, vinamwambia mtazamaji wa Ruiru kwamba anayoyapitia hayapo. Kumnyima mtu kioo ni dhuluma ya aina yake.

Hoja ya tatu: sheria iingilie kati

Kenya haina upungufu wa sheria. Katiba ya 2010, ibara ya 27, inakataza ubaguzi wa kikabila, na ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza ila inautenga na matamshi ya chuki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi ya kabila, lugha, dini, jinsia, ulemavu na mengineyo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyoanzisha tume ya NCIC, inafika hadi jukwaani: kifungu cha 13 kinataja hata kuonyesha mchezo wa kuigiza au kurusha kipindi, ikiwa ni cha kutishia, kutusi au kudhalilisha na kuna uwezekano wa kuchochea chuki ya kikabila. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unamwondolea mnyonge mzigo wa kujitetea mwenyewe. Asiyeweza kumjibu bosi anaweza kulalamika. Udhaifu wake uko pande mbili.

Kwanza, maneno hukimbia kasi kuliko orodha. Aprili 2022 NCIC ilitoa orodha ya maneno yasiyofaa kuelekea uchaguzi, ‘madoadoa’ likiwamo. Neno likipigwa marufuku, wenye nia hutafuta lingine, na ofisini hulisema kwa lugha ya mama ambayo mlalamikaji haielewi vizuri. Zaidi ya hayo, tashtiti nzuri inalazimika kuyatamka maneno ya mbaguzi ili kumfichua. Sheria inayosikiliza neno bila kuangalia anayechekwa ni nani itamkamata mchekeshaji na kumwacha mbaguzi.

Pili, sheria imeegemea mahali pasipo na wafanyakazi wengi wa ukanda huu. Kifungu cha 7 cha sheria ya 2008 kinasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kuu la kaunti. Vipimo hivyo ni vya serikali. Kiwanda binafsi cha Thika hakiguswi na theluthi hiyo. Na hapa kuna pengo la ajabu: Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, lakini haikuweka sharti kama hilo kwa dhihaka za kikabila. Mwanamke aliyesumbuliwa ana karatasi ya kuanzia, ingawa kuitumia ni safari ngumu. Anayechekwa kwa kabila lake kila asubuhi hana hata hiyo karatasi.

Hoja ya nne: mwenye kabila ndiye mwenye ruhusa

Hii haihitaji maneno mengi. Ina ukweli kwamba mtu wa ndani anajua anachokigusa na atalala kwenye kijiji hicho hicho baada ya onyesho. Lakini Wanjau aliyekuwa Ojwang anaivunja moja kwa moja: mtu wa nje aliyeigiza kwa upendo alifanya vyema kuliko wengi wa ndani. Na ruhusa ya mtu wa ndani haibaki kwake. Mchekeshaji wa Magharibi akijiigiza soja asiyejua Kiingereza, kesho yake ofisini anayeurudia mzaha huo si Mluhya, na atajitetea kwamba ‘hata wenyewe wanasema’.

Lafudhi, mlango ambao haujafungwa

Mabishano mengi huishia kwenye kabila na kuliacha jambo linalouma zaidi kazini, yaani kushrabu, kutamka Kiingereza kwa ulimi wa lugha ya mama. Anayechanganya L na R, au asiyetofautisha S na SH anapozungumza Kiingereza, huchekwa bila woga, hata na watu waungwana ambao kamwe hawatamtukana mtu kwa kabila lake. Inaonekana ni mzaha wa ulimi tu. Ukitazama vizuri, unaona ni mzaha wa shule. Mtoto wa Mkikuyu aliyesoma shule ghali ya Nairobi hashrabu, na mtoto wa Mluo aliyesoma naye hashrabu pia. Wanaoshrabu ni waliosoma shule za vijijini na mitaani, wa kila kabila. Kwa hiyo kicheko cha lafudhi hukata kabila na tabaka kwa pamoja, na kwa kuwa huvaa sura ya usafi wa lugha, hakuna anayekiita ubaguzi.

Madhara yake yanahesabika kwa vyeo. Mapokezi, huduma kwa wateja, mauzo na mikutano na wageni ni kazi zinazopandisha watu. Aliyechekwa mara tatu mkutanoni huacha kuzungumza. Asiyezungumza haonekani, na asiyeonekana hapandishwi. Baada ya miaka mitano atakuwa bado stoo, na itasemwa hana ari ya uongozi. Hakuna kanuni iliyovunjwa popote njiani. Kati ya mizaha yote ya ofisini, huu ndio ningeuchunguza kwanza, kwa sababu wengi wetu tunaufanya na hatujioni tukiufanya.

Kupima

Tashtiti kuhusu ubaguzi kazini imefanywa vyema kwingineko, na inafaa kutazama jinsi ilivyojengwa. The Office ya BBC, iliyoanza 2001, na toleo la Marekani la 2005, zilimweka bosi mbaguzi katikati. Katika sehemu iitwayo Diversity Day, iliyorushwa Machi 2005, bosi anawabandika wafanyakazi wake kadi za mataifa na asili kwenye paji la uso kwa jina la mafunzo ya kuheshimiana. Anasema maneno mabaya sana. Lakini kamera haikai naye. Inageukia nyuso za wafanyakazi wasiocheka: anayetazama chini, anayetafuta mlango, anayevumilia kwa sababu ana kodi ya kulipa. Kicheko chetu kinamwangukia bosi kwa kuwa tumewaona waliojeruhiwa. Mwanya alioupata Archie Bunker kwa watazamaji wabaguzi hauzibiki wote, ila kwa njia hiyo unabanwa sana.

Jambo hilo ndilo linalokosekana katika klipu zetu nyingi. Tunaonyeshwa mzaha na kicheko cha watazamaji, hatuonyeshwi aliyelazimika kucheka. Na karibu hatuonyeshwi kamwe chumba cha usaili, orodha ya vibarua, au simu inayopigwa usiku kusema ‘kuna mtoto wetu anakuja kesho, mwangalie’. Huko ndiko ubaguzi wenyewe unafanyika. Lafudhi ni kelele zake tu.

Kwa hiyo nikipima hoja zote nne, naiona ya kwanza kuwa sahihi kwa jukwaa na potofu kwa ofisi. Ya pili ni sahihi kuhusu ofisi, nayo huzidisha ukali inapofika kwenye jukwaa. Ya tatu inahitajika, lakini imelenga maneno pale ilipopaswa kulenga mamlaka. Ya nne ni adabu njema kwa mchekeshaji mmoja mmoja, haitoshi kuwa kanuni. Gharama ya msimamo wangu ipo wazi: ukiliachia jukwaa uhuru mpana, vitatoka vichekesho vibovu vitakavyowaumiza watu, na baadhi yake vitafika ofisini kwa simu. Nakubali gharama hiyo kwa sababu Kamirithu inatuonyesha ni vichekesho gani hufungwa kwanza pale serikali inapopewa ufunguo. Siikubali gharama ya kuwaachia mameneja uhuru huo huo, kwa sababu wanaoilipa hawakuulizwa.

Bunge liongeze katika Sheria ya Ajira sharti la sera ya maandishi dhidi ya dhihaka za kabila na lafudhi, kama lilivyofanya kwa unyanyasaji wa kingono, na kwa viwanda binafsi vilevile. Wasiosubiri Bunge waanze leo: kampuni yoyote ya Thika au Ruiru inaweza kuandika katika kanuni zake kwamba mzaha wa kikabila unaotoka kwa mwenye cheo kwenda kwa asiye nacho ni kosa la kinidhamu, hata kama kila aliyekuwapo alicheka. Na waandishi wa vichekesho walio Juja, Kahawa na Ruiru, wenye vipaji na kamera tayari mkononi, wahamishie hadithi zao kutoka getini hadi kwenye meza ya anayeajiri, wamcheke yeye bila kumwonea huruma.